Chombo cha maua si “vazi” la maua

Kuna maelezo ambayo nimeyasikia hapa Nakuru zaidi ya mara moja, na huyatoa watu wanaokipenda Kiswahili: eti Waingereza walipokiita chombo cha maua “vase”, walilichukua neno letu vazi, kwa kuwa ua likitiwa humo huwa limevishwa. Ni maelezo matamu. Ila si kweli.

Vazi ni letu, limetokana na kuvaa kama pendo lilivyotokana na kupenda. Hilo la Kiingereza lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, ambako vas lilikuwa chombo, na wingi wake vasa. Kinachotuchanganya ni matamshi. Waingereza hutamka “vaaz”; tia irabu mwishoni, kama tunavyofanya kwa maneno ya kukopa, na vazi hilo hapo.

Dhana ya pili imeenea hata zaidi: kwamba tangu zamani neno hilo lilihusu maua. Warumi walikiita vas chombo chochote cha nyumbani, na vasa vilikuwa hata mizigo ya askari waliokuwa wakihama kambi. Vile vyombo vya Wagiriki wa kale vilivyochorwa watu na farasi, ambavyo makumbusho ya Ulaya huviita kwa jina hilohilo, vilikuwa vya kazi: amphora ya kuwekea divai na mafuta, hydria ya kutekea maji, krater ya kuchanganyia divai na maji. Na hadi leo ukimwomba Mhispania “vaso” atakuletea gilasi ya kunywea. Cha maua anakiita florero.

Kwa hiyo sikubali tunapoambiwa kwamba “chombo cha maua” ni jina la kubahatisha, la lugha iliyokosa neno. Kilatini nacho kilianzia hapohapo, kwenye chombo tu. Tena tazama: kutoka vas kikatoka vascellum, chombo kidogo, na humo Waingereza wakapata “vessel”, yaani chombo cha kutilia vitu na pia chombo cha majini. Sisi nasi tunasema nahodha wengi, chombo huenda mrama, kisha tunarudi jikoni kuosha vyombo. Hapa hakuna aliyemkopa mwenzake. Watu wa pwani mbili za mbali waliona kwamba jahazi na bakuli vyote hubeba.

Chungu cha maua ni kitu kingine. Hicho hutiwa udongo na mmea wenye mizizi, na chini hutobolewa maji yatoke. Mawaridi yaliyokatwa, kama haya ya Naivasha yanayosafirishwa hadi Uholanzi, yanataka maji yatulie. Agulu la Kiluo kutoka Kisumu, yaani mtungi wa udongo, lisilo na tundu, ukilitia maji na mashina kadhaa ya waridi, basi ni chombo cha maua kamili, na Mrumi angeliita vas bila kusita.