Meno ya Kuvua Yakivunjika: Leta Vipande Vyote, Usitie Gundi

Meno bandia ya kuvua yakidondoka sinkini yakakatika vipande viwili, kuyaunga ni kazi nyepesi. Yanayosumbua ni yale yaliyokwisha kutiwa gundi ya dukani. Gundi ile hukauka kabla kingo hazijakutana sawasawa, na mkengeuko mdogo tu kwenye ufa hutosha kuufanya upande mmoja uume ufizi. Tena utando wake huzuia akriliki mpya, yaani plastiki ya kutengenezea meno haya, kushika. Fundi hana budi kuuchonga, na akichonga, kingo zilizokuwa zikioana hupotea.

Vipande vikifika visafi, fundi huvishikiza kwa nta ngumu na kijiti juu yake, kisha humimina plasta upande unaolalia ufizi. Plasta ikiganda, hupanua ufa kwa makusudi, milimita 2 hadi 3, na kuzilaza kingo mshazari ili akriliki ipate uso mpana wa kushika. Akishatia akriliki, huyaweka meno katika chombo cha shinikizo chenye maji ya vuguvugu, viputo visibaki ndani. Hata hivyo kiungo hicho hakifikii nguvu ya plastiki ya awali.

Yakikatika tena palepale, usikimbilie kumlaumu fundi. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua, hasa miezi ya mwanzo, na meno yaliyokaa sawa mwaka jana sasa yanacheza. Kila tonge plastiki inajipinda kidogo, hadi ichoke. Yavae, ubonyeze mwisho wa nyuma kabisa kwa kidole: sehemu ya mbele ikiinuka, huenda yanahitaji kujazwa upande wa ufizi. Kuunga peke yake hakutasaidia.

Kulabu za chuma zinazoyashikiza kwenye meno yako ya asili nazo hukatika kwa kupindwapindwa, na wanaovua kwa kuvuta kulabu moja kwa ukucha ndio wanaozimaliza. Usizikaze kwa koleo nyumbani. Iliyokatika kwa kawaida haiungwi. Hufukiwa waya mpya ndani ya plastiki, mara nyingi wa milimita 0.8 au 0.9. Kwa kazi hii, kama ilivyo kwa kuongeza jino, kipimo huchukuliwa meno yakiwa mdomoni. Kwa hiyo ukiwa Kilifi au Kwale, meno yenye ufa safi unaweza kumpa jamaa anayekuja kwa fundi Mombasa akuletee, ingawa bado yafaa kuyajaribisha mwenyewe baadaye. Kwa kulabu au jino jipya, jamaa huyo atarudi nayo kama alivyokuja.

Vipande vifunge katika kitambaa kilicholowa maji baridi. Maji moto huipinda plastiki.

Kipande kikikosekana na ukashuku umekimeza, au kimekupalia, nenda hospitali kabla ya kwenda kwa fundi. Plastiki hii kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, basi beba vilivyobaki, daktari ajue anatafuta kitu cha umbo gani.