Shati la mwisho wa kamba

Jumapili moja sokoni Kibuye, Kisumu, nilipekua mitumba karibu nusu saa, nikaondoka na shati la samawati lililoning'inia mwisho wa kamba. Nyumbani nikaulizwa, mbona hilo? Jibu nilikuwa nalo: kola bado ngumu, vifungo vyote vipo. Kola za yale mengine wala sikuzigusa.

Dhana: Aliyechagua ndiye ajuaye kwa nini amechagua.

Ukweli: Anajua sehemu tu, nyingine anaitunga baadaye bila nia ya kudanganya. Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliandika kuhusu duka moja la Marekani ambako wateja waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za nailoni, waseme ipi bora. Asilimia 40 walichagua ya kulia kabisa; ya kushoto kabisa ilipata 12. Zote nne zilikuwa sawasawa! Hakuna aliyetaja mahali soksi ilipowekwa, na walipoulizwa kama ndiyo sababu, karibu wote walikana. Ningekuwepo ningekana pia, tena kwa ukali.

Dhana: Bidhaa zikiwa nyingi, mnunuzi huchanganyikiwa asinunue.

Ukweli: Hutokea, si kila mara. Jaribio maarufu la mwaka 2000, ambapo wateja walioonyeshwa aina nyingi za jemu walinunua kwa nadra kuliko walioonyeshwa chache, lilionyesha hivyo, lakini tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2010, wastani wa athari hiyo ulikaribia sufuri. Wauzaji wa Kibuye, na marundo yao, wangekwambia hilo bure.

Dhana: Ladha mtu huzaliwa nayo. "Mimi dek, mboga chungu ile, siwezi, ndivyo nilivyoumbwa."

Ukweli: Kuumbwa kumo. Jeni iitwayo TAS2R38 huwafanya wengine wahisi uchungu zaidi ya wenzao. Ila mazoea huanza mapema mno: katika utafiti wa mwaka 2001, watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha hawakukunja uso sana walipolishwa uji wenye ladha ya karoti. Sasa fikiria mtoto wa huku kwetu ambaye mamake alikula dek na osuga (mnavu) mimba nzima. Nyanya, hata hivyo, hakutegemea mimba peke yake. Dek aliichemsha, akamwaga maji, akatia maziwa, akaiacha ilale chunguni. Tuliomkimbia jioni, asubuhi tulikuwa tunaikwangua.