Gazeti la karatasi na gazeti la simu: neno kwa wanaoleta matangazo ofisini

Yapo mambo, kama hatimiliki iliyopotea, ambayo sheria hutaka yatangazwe gazetini, na mwenye jambo hutuletea gazeti hilo kuthibitisha kwamba ametangaza. Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu hapa Amu, yaani Lamu, siku hizi ni ya namna moja: "Tangazo nimeleta, mumelikataa." Wanaolalamika hawasemi uongo. Wameleta kitu, na tumekikataa. Ila wanacholeta mara nyingi ni picha ya skrini ya simu, imepigwa kwenye tovuti ya gazeti, na wakati mwingine si tangazo kabisa bali ni habari iliyogusa jambo hilohilo. Wakuu wangu wameniomba nieleze tofauti, nami naeleza, ingawa mengine nilidhani hayahitaji kuelezwa.

Nianze na mzee mmoja wa Faza, kwa sababu kisa chake kina kila kitu ndani yake. Alikuwa amepoteza hatimiliki, akafuata taratibu zote vizuri, akalipia tangazo, akavuka bahari kutuletea. Akaweka simu juu ya meza. "Mwanangu, gazeti ni hili." Nikamuuliza, mzee wangu, la tarehe gani? Akapandisha ukurasa, akateremsha. Juu paliandikwa kuwa habari imesasishwa jioni. Imesasishwa. Hiyo si tarehe ya kuchapishwa, ni saa ambayo mtu fulani chumba cha habari aliingia akarekebisha sentensi. Isitoshe, ilikuwa habari kuhusu migogoro ya mashamba Lamu. Mwanawe wa Mombasa ndiye aliyemtumia. Tangazo lake lenyewe lilikuwa kwenye gazeti la karatasi, ambalo alilinunua mwenyewe. Liko wapi? "Yale mahamri ya asubuhi wameyafungia."

Sikucheka. Karatasi ya gazeti mji huu imefungia bajia na viazi vya karai tangu sisi wadogo. Lakini tuseme wazi: chenye thamani kisheria ndicho kilichopewa mahamri, na kisicho na thamani hiyo ndicho kilichovushwa bahari.

Watu huona gazeti na tovuti yake kuwa kitu kimoja kwa sababu jina la juu ni moja. Ukweli ni kwamba kuna vitu vitatu. Kuna gazeti la karatasi. Kuna nakala ya kidijitali yenye kurasa zilezile, moja kwa moja kama zilivyochapishwa, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Halafu kuna tovuti, na tovuti ni kitu kingine kabisa. Wiki mbili zilizopita nilinunua gazeti pale Mkunguni, nikakaa chini ya ngome, nikafungua simu na kuliweka kando yake. Habari moja ya wavuvi ilikuwa na kichwa kimoja kwenye karatasi na kichwa kingine kwenye tovuti, na kufikia alasiri kile cha tovuti kilikuwa kimebadilika tena. Habari ya karatasi iliishia pale nafasi ilipokwisha. Ile ya tovuti iliongezewa aya tatu na kauli ya afisa ambaye usiku uliotangulia hakupatikana. Kwenye karatasi, kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa matangazo ya zabuni, ya mazingira, ya hati zilizopotea na ya vifo, herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Kwenye tovuti sikuona hata moja. Niliona tangazo la kamari, na la viatu ambavyo nilikuwa nimevitazama siku iliyotangulia.

Hilo la viatu nalisisitiza, maana yupo aliyekuja kubishana nami kwamba "lilitokea kwenye gazeti." Kinachojitokeza pembeni ya tovuti kimechaguliwa kwa ajili ya simu yako. Jirani yako akifungua ukurasa uleule ataona kingine. Sheria ikisema jambo litangazwe, maana yake ni kwamba kila anayelishika gazeti la siku ile analikuta jambo hilo mahali palepale.

Nisieleweke kwamba naipiga vita tovuti. Kwa habari, karatasi inashindwa, na hapa kwetu inashindwa zaidi. Gazeti hufungwa usiku, lichapishwe, lipakiwe, lifuate barabara hadi Mokowe, kisha livuke kwa boti. Kijana wa Langoni anayajua matokeo ya mpira kabla gazeti halijateremshwa gatini. Na tuko mbali: magazeti yanayopelekwa mbali hufungwa mapema kuliko yale ya mjini, kwa hivyo mtu wa Nairobi anaweza kusoma kwenye karatasi habari ambayo karatasi ya tarehe hiyohiyo iliyofika Amu haina. Ukienda Kizingitini au Kipungani, gazeti ni bahati. Huko simu ndiyo gazeti, na ni sawa. Ajuaye anachotafuta hatapotea. Ajue tu kwamba baadhi ya habari zinalipiwa, kama gazeti la Nation lilivyoanza kufanya mwaka 2021, na picha ya skrini aliyotumiwa na rafiki huenda imekatwa katikati ya sentensi.

Sasa lipo kosa linalonichosha kuliko yote, na sehemu ya lawama ni ya Kiswahili chenyewe. Tunasema "gazeti" kwa vitu viwili. Gazeti Rasmi la Serikali (Kenya Gazette) si gazeti la habari kama Taifa Leo. Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa, hulipati kwa muuza magazeti, na kila tangazo ndani yake lina nambari. Lenyewe pia lina karatasi na lina mtandao, lakini hapa mtandao ni rafiki: toleo linalowekwa bure mtandaoni na Kenya Law, wanaochapisha sheria na hukumu za nchi, lina tangazo lilelile, kwa nambari ileile. Ukiniletea nambari ya tangazo na tarehe ya Ijumaa hiyo, nimeridhika, nitalitafuta mwenyewe. Ukiniambia "lilitoka kwenye gazeti mwezi uliopita," utaniweka niulize maswali kumi, na utaona kama nakusumbua.

Kwa hati iliyopotea, kifungu cha 33 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinataka vyote viwili: Gazeti Rasmi, na magazeti mawili yanayosambazwa nchi nzima. Mawili. Si moja mara mbili. Kisha husubiriwa siku 60, na hesabu huanza tarehe ya Gazeti Rasmi au ya magazeti hayo, yoyote iliyotangulia. Ndiyo maana tarehe tunaing'ang'ania. Ukurasa wa tovuti unaosema "saa tatu zilizopita" hauwezi kuanzisha hesabu ya siku 60, kwa sababu kesho utasema "jana." Kwa mirathi inayopitia Sheria ya Urithi, tangazo la maombi hutoa muda usiopungua siku 30 wa kuweka pingamizi, na hilo ni la Gazeti Rasmi. Wenye mambo yao kwa Kadhi wamuulize karani wa huko. Si ya dawati hili.

Jinsi ya kutunza gazeti: usikate. Narudia, usikate. Watu huchukua mkasi wakakata kisanduku cha tangazo, wakakibandika kwenye karatasi nyeupe kama kazi ya shule, wakatuletea. Kisanduku hakina jina la gazeti, hakina tarehe, hakina nambari ya ukurasa. Leta ukurasa mzima, na ukiweza leta gazeti zima. Ukilipoteza, mchapishaji huwa na nakala za zamani, na maktaba na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iliyoko Nairobi nazo huweka magazeti. Nakala ya kidijitali yenye kurasa zilezile inasaidia sana kulitafuta, kwa sababu inakupa ukurasa na tarehe. Ipigie chapa ukurasa wote, si kipande.

Na kama kesi yako inategemea kweli kilichoandikwa kwenye tovuti, tuseme umechafuliwa jina huko na kwenye karatasi hukutajwa, basi uende mahakamani na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti hicho hueleza rekodi yenyewe ni ipi, ilitolewaje, kwa kifaa gani, na hutiwa saini na mtu anayehusika na uendeshaji wa kifaa hicho. Fanya mapema. Tovuti hurekebishwa, habari huondolewa, na kesi ya kuchafuliwa jina ina miezi 12 tu ya kufunguliwa.

Kuhusu kurekebisha tarehe kwenye picha ya skrini: yapo majaribio ambayo tumeyaona, na sisemi ni ya nani. Kughushi hati kwa ujumla ni kifungo cha hadi miaka 3 chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ya kughushi huadhibiwa sawa na aliyeighushi. Likiingia jambo la ardhi, Sheria ya Usajili wa Ardhi ina makosa yake ya maelezo ya uongo, faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. "Nilitumiwa na mtu kwenye kikundi" ni maelezo utakayompa polisi, si mimi.

Lipo swali moja ambalo watu wa Amu huniuliza kwa haki, na sitaki kulikwepa. Kanuni za mazingira za mwaka 2003 zinataka mradi mkubwa utangazwe gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na redioni pia, kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Mwezi wa Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu, na ushirikishwaji duni wa wananchi ulikuwa kiini cha uamuzi. Swali lao ni hili: tangazo likiwa kwenye karatasi inayofika kisiwani nakala chache, kwa Kiingereza, ukurasa wa nyuma, nani ataliona? Kanuni zilivyo, tangazo la gazeti peke yake halitoshi, na mtu anayeamka kuangalia tovuti tu hatalikuta. Kama lingepaswa kuwekwa na kwenye tovuti, hilo ni la watunga kanuni, na ofisi yangu haina kauli. Mimi binafsi hununua gazeti na kuanzia nyuma.

Yule mzee wa Faza alirudi baada ya siku nane. Mkewe alikuwa ameukunja ukurasa ule na kuuweka chini ya godoro pamoja na karatasi za hospitali; mahamri yalikuwa yamefungiwa kurasa za michezo. Ulikuwa na doa la mafuta, lakini jina la gazeti lilisomeka, tarehe ilisomeka, na doa lenyewe liliangukia zabuni ya kuchimba visima. Tuliupokea.