Ziwa nalo huchafuka

"Ziwa si bahari, halina mawimbi." Hiyo nimeisikia mara nyingi kwa wanaotaka kukodi boti ya kifahari kutoka Mwanza kwenda visiwa vya Ukerewe au Rubondo. Si kweli. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800. Upepo una nafasi tele ya kulichafua. Tena mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana upesi: boti haijatulia, jingine limeshaipiga ubavuni, na juisi yako iko mapajani. Usiku pepo za nchi kavu hukutana ziwani na kuzaa radi, ndiyo maana dhoruba nyingi huko hupiga usiku hadi alfajiri. Kisiwa cha Saanane na mjini Mwanza ni pua na mdomo. Rubondo je? Huko ni mbali; muulize kwanza nahodha usiku huo mtalala wapi.