Je, wajua? Harufu ya "klorini" kwenye bwawa la ndani si dalili ya usafi

Ukifungua mlango wa bustani ya michezo ya maji iliyo ndani ya jengo, huku nje baridi inakata masikio, harufu hukuwahi kabla ya joto. Ni ile harufu kali inayopanda puani hata hujavua koti. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiivuta kwa kuridhika na kuwaambia watoto: "Mnasikia? Hapa ni safi, wametia klorini ya kutosha." Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua, na hakuna aliyenibishia.

Kumbe nilikuwa naisifia taka. Klorini iliyotiwa majini kwa kiwango kinachofaa karibu haina harufu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinapendekeza angalau miligramu 1 ya klorini kwa kila lita ya maji ya bwawa la kuogelea, na kiwango hicho pua ya kawaida huipita bila habari. Tunachonusa ni kloramini: kile kinachozaliwa klorini inapokutana na jasho, ngozi iliyopukutika, mafuta ya kujipaka na, tuseme tu, mkojo.

Mkojo kiasi gani? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitoa jibu kwa njia ya ajabu kidogo: walitafuta sukari bandia. Kuna kitia-utamu cha kwenye vinywaji, asesulfamu, ambacho mwili haukivunji. Kinaingia mdomoni na kutoka na mkojo kikiwa vilevile. Kwa kukipima majini, walikadiria kuwa bwawa moja la lita zipatazo 830,000 lilikuwa na lita 75 za mkojo. Ni madumu manne ya lita 20, pungufu kidogo. Ukilinganisha na maji yote ni tone, lakini ni tone ambalo klorini hailali nalo.

Jinsi klorini inavyogeuka harufu, mfano mzuri ni jiko la kuni. Kuni kavu zikiwaka vizuri, moto ni mkali na moshi haba. Tia kuni mbichi, moto uleule unaanza kufuka na kila mtu anafuta machozi. Mgeni akichungulia anaweza kudhani moshi mwingi maana yake moto mwingi, kumbe moto unahangaika. Klorini ndiyo moto, uchafu wa miili yetu ndio kuni mbichi, na kloramini ndiyo moshi. Klorini ikishashikana na urea na amonia, kemikali za kwenye mkojo na jasho, haina tena nguvu yake ya kuua vijidudu, na hatua kwa hatua hugeuka hadi kuwa trikloramini, aina ya kloramini ambayo haipendi kukaa majini. Inapaa.

Mfano huu unaeleza pia jambo ambalo mwanzoni lilinichekesha: dawa ya bwawa linalonuka klorini mara nyingi ni kuongeza klorini. Jiko linalofuka hulizimi, unalipepea mpaka moto ushike na moshi wenyewe uungue. Ukipepea nusunusu, unaongeza moshi. Mafundi wa mabwawa hutia dozi kubwa ya mara moja, kwa kawaida kama mara kumi ya klorini iliyokwisha kushikana. Hapo mfano wangu unaanza kuyumba, kwa sababu urea huvunjika polepole na bwawa lenye watu halifuati hesabu ya kitabuni. Ndiyo maana baadhi huongeza kwenye mabomba taa za miale ya urujuanimno (UV), inayovunja kloramini.

Kwenye bwawa la nje, upepo huondoa trikloramini kabla hujaijua. Ndani ya jengo haina pa kwenda. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala juu ya maji, palepale muogeleaji anapoinua kichwa kutafuta pumzi. Mitelezo, chemchemi na ile ndoo kubwa inayojipindua juu ya vichwa vya watoto huzidisha mambo: maji yakirushwa huachia gesi kama soda iliyotikiswa. Halafu ni majira ya baridi. Kuingiza hewa ya nje maana yake ni kuipasha moto kwa gharama, na kishawishi cha kuizungusha ileile ya ndani ni kikubwa.

Mwaka 2007 wachunguzi wa afya kazini wa Marekani walikwenda kwenye hoteli moja yenye bustani ya maji ya ndani, jimboni Ohio, baada ya malalamiko ya kikohozi na macho kuwasha. Waokoaji wanaokaa kando ya maji waliumwa zaidi kuliko wafanyakazi wa sehemu nyingine za hoteli, na zaidi siku ambazo wageni walijaa. Kuhusu madhara ya muda mrefu ningekwenda taratibu. Mwaka 2003 watafiti wa Ubelgiji walihusisha mabwawa ya ndani na pumu kwa watoto, lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana.

Pua nayo si kipimo. Bwawa linaweza kunuka na bado likawa na klorini ya kutosha. Mwone mhudumu anapopima: anajaza maji kichupa, anadondosha kidonge, maji yanageuka waridi. Hiyo ni klorini iliyo huru, yaani ambayo bado haijashikana na uchafu. Anaongeza kidonge kingine. Waridi ikikolea zaidi, tofauti hiyo ndiyo kloramini.

Anayetaka kuipunguza aanzie bafuni. Kujimwagia maji dakika moja tu kabla ya kuingia bwawani huondoa sehemu kubwa ya uchafu wa mwilini, na watoto wadogo wapelekwe chooni kila saa, hata wakiapa hawajabanwa. Wengi huwatisha kwamba kuna dawa inayogeuza maji buluu mtu akikojoa. Dawa hiyo haipo. Kinachobadilika rangi ni macho ya wenzako.