Daftari la tawi na la makao: pima funguo kabla ya kusema hayalingani

Oktoba ikikaribia, daftari la wakulima wa korosho lililoko Newala au Tandahimba hutakiwa lilingane na la Mtwara mjini. Pale ambapo daftari hilo bado ni faili la DBF (jedwali la rekodi), linaloendeshwa na FoxPro 2, programu ya zamani ya hifadhidata, kwenye kompyuta ya Windows 98, kuna mitego miwili: kulileta faili, na kulinganisha namba za wakulima. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele.

Kuleta kwanza. Usifungue DBF ya mbali kupitia laini ya mtandao na kuanza kutafuta humo. Laini ikikatika wakati wa kuandika, indeksi, yaani orodha ya kutafutia rekodi, inaweza kuharibika. Vuta nakala, ufanyie kazi kwenye diski yako. Kabla ya kunakili, watu wote tawini watoke kwenye programu, maana idadi ya rekodi kwenye kichwa cha faili (sehemu ya mwanzo inayolieleza faili) huenda haijasahihishwa hadi faili lifungwe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ni hivyo hivyo.

Windows 98 inashiriki mafaili kwa SMB1 tu, njia ya zamani ya kushiriki mafaili mtandaoni, na Windows 10 ilianza kuiondoa SMB1 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Kuirudisha kwenye mashine yenye intaneti ni kujitakia balaa. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilipita mlango huo huo. Bora FTP, njia ya kuhamisha mafaili, lakini andika amri ya binary kabla ya get. Ukivuta kama maandishi kati ya Linux na Windows, baiti yenye thamani 10 inaweza kuongezewa 13 mbele yake, na kila kitu baada ya hapo kinasogea.

Uhakiki ni hesabu fupi. Ukihesabu baiti kuanzia sifuri, ya 4 hadi 7 ni idadi ya rekodi, 8 na 9 urefu wa kichwa, 10 na 11 urefu wa rekodi moja, zote zikianza na baiti ndogo. Kichwa kikiwa 289, rekodi 12,400 zenye baiti 96 kila moja, faili liwe 1,190,689, au moja zaidi kwa alama ya mwisho. Likipungua, nakala imekatika, rudia.

Sasa funguo, yaani namba za wakulima. SET EXACT, mpangilio wa kudai maandishi yalingane kikamilifu, ikiwa OFF, FoxPro hulinganisha hadi pale upande wa kulia unapoishia. "TND-12" = "TND-1" inajibu ndiyo. Hatari inazidi mtu akisafisha nafasi tupu kwa ALLTRIM kisha akafanya SEEK, amri ya kutafuta kwenye indeksi: mkulima TND-1 hayumo makao, lakini kielekezi kinatua kwa TND-10 na FOUND inasema yupo. Kilo za mtu mmoja zinaangukia kwa mwingine, na ripoti inatoka safi kabisa.

Dawa si kukata nafasi, ni kuzisawazisha. Safu ya namba ikiwa herufi 8 tawini na 10 makao, zipeleke zote kwenye 10 kwa PADR, inayojaza nafasi tupu kulia, jenga indeksi mpya juu ya hiyo, weka SET EXACT ON. Kama upande mmoja namba ni tarakimu na mwingine ni maandishi, STR, inayogeuza tarakimu kuwa maandishi, huweka nafasi tupu mbele, kwa hiyo 123 na 000123 hazitakutana mpaka ujaze sifuri kushoto kwa PADL. Herufi O badala ya sifuri haitaonyeshwa na PADR wala PADL. Itafute kwa AT(), inayotafuta herufi ndani ya maandishi, kisha ihakiki kwa macho.

Usitumie INDEX UNIQUE kwenye kazi hii. Inaficha namba zilizojirudia, nazo ndizo unazozitafuta.

Idadi zikitofautiana ilhali funguo zote zimepatana, tazama baiti ya kwanza ya rekodi: kinyota maana yake imefutwa, ila inabaki mle hadi PACK, amri inayoziondoa kabisa rekodi zilizofutwa. Weka SET DELETED ON ukilinganisha, ili zilizofutwa zirukwe, na PACK usiifanye kwenye faili la tawi, ifanye kwenye nakala.