Programu za masomo za zamani kwenye kompyuta kuukuu za nyumbani: chunguza kwanza zinategemea nini

Wazazi wengi ninaowahudumia katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, wamenunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, mara nyingi kutoka maduka ya Luthuli Avenue na River Road, kwa nia moja: watoto wapate mashine ya kusomea nyumbani. Baadaye mzazi hupata CD za kamusi elezo, za hesabu au za hadithi zenye sauti na picha, aghalabu kutoka kwa jamaa au kwa shule iliyokuwa ikipunguza vitu ghalani, na anapozitia kwenye mashine zinakataa. Jibu analopewa mtaani ni kwamba CD imeharibika au kompyuta imezeeka. Jibu hilo huwanyima watoto vitu vizuri bila sababu, kwa maana katika visa vingi ninavyochunguza CD ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichokosekana ni kitu cha tatu ambacho mwandishi wa programu alikitegemea bila kukitaja: aina fulani ya mfumo endeshi (kama Windows), kodeki fulani ya video (programu ya kubana na kufungua video), idadi fulani ya rangi za skrini, au ruhusa ya kuandika mahali fulani kwenye diski. Ukikitambua kitu hicho, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa CD, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause ili ufungue ukurasa wa sifa za kompyuta, kisha uandike kwenye karatasi toleo la Windows, aina ya prosesa, kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), na kama mfumo ni wa biti 32 au wa biti 64 (yaani kiasi cha data ambacho mfumo hushughulikia kwa mkupuo mmoja). Hilo la mwisho ndilo huamua mengi, na ndilo wauzaji hulijali kidogo kuliko yote. Naletewa mashine za Core 2 Duo (prosesa ya zamani ya Intel) zenye RAM ya gigabaiti 2 ambazo zimewekewa Windows ya biti 64, ilhali mfumo wa biti 64 hutumia kumbukumbu zaidi na faida yake kubwa huonekana pale RAM inapozidi gigabaiti 4, kiwango ambacho Windows ya kawaida ya biti 32 haiwezi kukivuka. Kwa mashine ndogo itakayotumiwa na CD za zamani, mimi huchagua Windows ya biti 32, na sababu yangu kuu si kumbukumbu.

Sababu kuu ni programu za biti 16. CD nyingi za masomo za miaka ya 1990 zilitengenezwa ili zifanye kazi kwenye Windows 3.1 na vilevile kwenye Windows 95. Windows za biti 32, hadi Windows 10, zimebaki na sehemu ya ndani inayoweza kuendesha programu za biti 16, ingawa kwenye Windows 10 huenda mfumo ukakuomba kwanza uiwashe sehemu hiyo. Windows za biti 64 hazina sehemu hiyo kabisa, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Ndiyo maana CD ileile inasakinika vizuri kwenye kompyuta ya jirani na kwako inatoa ujumbe kwamba programu haiwezi kutumika kwenye mashine hii, hata kama mashine yako ndiyo mpya zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita, nami naliona kuwa la thamani kubwa. Mara nyingi programu yenyewe ni ya biti 32 na ingefanya kazi hata leo, ila kisakinishi chake, yaani faili ya setup, ndicho cha biti 16, kwa kuwa watengenezaji waliendelea kutumia visakinishi vya zamani hata baada ya kuhamia Windows 95. Windows za biti 64 huvitambua baadhi ya visakinishi hivyo, hasa vya InstallShield 5, na kuvibadilisha zenyewe kwa vya biti 32, lakini si vyote. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, fungua CD kama folda ya kawaida, utafute faili yenye jina la programu inayoishia na exe, uinakili folda nzima kwenye diski ya kompyuta, kisha ubofye faili hiyo moja kwa moja bila kupitia kisakinishi. CD kadhaa zilitengenezwa zifanye kazi hivyo tangu mwanzo, kwa sababu diski za wakati ule zilikuwa ndogo mno kubeba yaliyomo kwenye CD ya megabaiti 650.

Kama programu yenyewe ni ya biti 16 na Windows yako ni ya biti 64, kuna programu huru iitwayo winevdm inayoweza kuibeba. Michezo mingi ya watoto ya zama zile inaendeshwa vizuri na ScummVM, nayo pia ni ya bure na haihitaji mashine yenye nguvu. Mashine pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako, yenye Windows ya zamani ndani yake inawezekana, ila kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 siishauri, kwa kuwa mifumo miwili itagombania kumbukumbu isiyotosha hata mmoja na mtoto ataishia kutazama skrini iliyoganda.

Programu ikishafunguka, malalamiko yanayofuata huwa ni ya sauti na video, na hapa subira inahitajika. Programu inaweza kuonyesha maandishi na picha zote bila tatizo, ila mahali pa video pakabaki peusi. Sababu ya kawaida ni kodeki. Video nyingi za CD za wakati ule zilibanwa kwa Indeo, ambayo Windows imeacha kuiwasha kwa sababu za usalama, au zilitegemea QuickTime, ambayo Apple iliacha kuihudumia kwenye Windows mwaka 2016. Hizi zinaweza kurudishwa, lakini kwa sharti ambalo sitalilegeza: mashine hiyo isiunganishwe na intaneti. Kodeki iliyoachwa ina mianya isiyozibwa, na kompyuta hiyohiyo isitumiwe na mzazi kuingia kwenye akaunti ya benki usiku.

Muziki ukikosekana huku sauti za wahusika zikisikika, chunguza jinsi CD ilivyonakiliwa. Baadhi ya CD za masomo ziliweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD kando ya data, na nakala ya aina ya ISO hubeba data peke yake. Nakala ya aina ya BIN pamoja na faili yake ya CUE hubeba zote mbili. Nasisitiza kunakili kwa sababu CD yenye mikwaruzo hupungua uwezo wa kusomeka kila inapotumiwa vibaya, na vumbi la mitaa yetu haliisaidii wala halikisaidii kiendeshi chake. Ila nakala ikiwa pungufu, mtu huhangaika na draiva za sauti (programu zinazoendesha kadi ya sauti) ambazo hazina kosa lolote.

Kuna programu inayokudai uingize CD ilhali CD imo ndani. Hiyo hukumbuka herufi ya kiendeshi iliyokuwapo siku ya kusakinishwa. Kama CD ilikuwa D na sasa, baada ya kuongezwa diski nyingine, imekuwa E, rudisha herufi ya awali kupitia sehemu ya usimamizi wa diski (Disk Management). Lakini CD chache zilizolindwa kwa SafeDisc (ulinzi wa zamani wa kuzuia kunakili) zitadai hivyo milele kwenye Windows 10, kwa kuwa Microsoft iliiondoa draiva ambayo ulinzi huo huitegemea mwaka 2015. Kuhusu rangi, programu inayolalamika kwamba inataka rangi 256 au skrini ya 640 kwa 480 hupewa mahitaji hayo kwenye sifa za faili yake, katika kichupo cha upatanifu (Compatibility), na kazi hiyo ni ya dakika moja.

Kisha kuna tatizo linalowaumiza watoto hasa. Mtoto anamaliza hatua tano za zoezi, anazima mashine, na siku inayofuata programu haimkumbuki. Programu nyingi za kabla ya Windows Vista zilihifadhi maendeleo ya mwanafunzi ndani ya folda yao wenyewe, na tangu Vista ilipotoka mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kwenye folda kuu ya programu (Program Files). Windows huyachukua maandishi hayo na kuyaweka mahali pengine pa siri kwa kila akaunti, au huyakataa kabisa. Wapo wanaomaliza tatizo hili kwa kumpa mtoto akaunti ya msimamizi wa kompyuta, jambo ninalolipinga kwa nguvu zote, kwa maana mtoto huyo sasa anaweza kufuta chochote na virusi vinaweza kuingia kupitia kwake. Ondoa programu, kisha uisakinishe upya kwenye folda uliyoiunda mwenyewe moja kwa moja kwenye diski C, kwa mfano folda iitwayo Masomo, na uwape watumiaji wote ruhusa ya kuandika humo.

Masomo yaliyotengenezwa kwa Adobe Flash, teknolojia ya zamani ya michoro na michezo ya kwenye kivinjari, yana historia yake. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia maudhui yake yasichezwe. Nyingi ya faili hizo bado zinafunguliwa na programu ya Ruffle, ambayo ni huru na salama. Usipakue kitu chochote kinachojiita Flash Player kutoka tovuti usiyoijua.

Kwa familia isiyo na CD za zamani, ningeacha kuzitafuta na kuanza na GCompris (michezo ya kujifunzia), Kiwix (kisomaji cha Wikipedia na vitabu bila intaneti) na Kolibri (mkusanyiko wa masomo), ambazo zote ni za bure na hufanya kazi bila bando. Hizi nazo zina mahitaji yao. GCompris huhitaji kadi ya picha inayoelewa OpenGL (mfumo wa kuchora picha kwenye skrini), na pale kadi inaposhindwa, iendeshe kwa njia ya kuchora kwa prosesa. Itakuwa nzito kidogo lakini itafunguka. Faili kubwa za Kiwix hukataa kunakiliwa kwenye flashi diski ingawa nafasi ipo, kwa kuwa flashi hiyo imepangwa kwa FAT32, muundo wa zamani wa kuhifadhi faili usiokubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ipange upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo. Video za masomo zilizobanwa kwa H.265 hukwamakwama kwenye Core 2 Duo kwa sababu mashine hizo hazina saketi ya kuzifungua, hivyo prosesa hubeba mzigo wote. Zibadilishe ziwe H.264 kwa kipimo cha 480 au 720 kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi, nazo zitatiririka. Kolibri ina sifa ninayoipenda mno: ikishasakinishwa kwenye kompyuta moja, simu na tableti zilizo kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani huyafungua masomo hayo kupitia kivinjari, hata kama ruta haina intaneti.

Makosa mengine hujifanya ya programu na kumbe ni ya vifaa. Kompyuta inayodai kila asubuhi kwamba tarehe ni ya miaka mingi iliyopita itakataa tovuti salama na kukwamisha upakuaji, na dawa yake ni betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu. Usakinishaji unaokwama kila mara mahali tofauti huashiria RAM au diski inayokufa, ilhali unaokwama mahali palepale huelekeza kwenye CD au faili yenyewe. Na stima inapokatika katikati ya kusakinisha, usiendelee pale ulipoachia. Ondoa kila kitu, ukague diski, uanze upya.

Yote yakishafanya kazi, kabla mtoto hajakaa mbele ya mashine, tengeneza taswira, yaani nakala kamili, ya diski nzima kwa programu ya Clonezilla na uiweke kwenye diski ya nje pamoja na nakala za CD na ile karatasi ya sifa za kompyuta, ukiongeza juu yake kila mpangilio uliobadilisha na kwa ajili ya programu gani. Fundi atakayekuja baadaye, awe mimi au mwingine, ataanzia hapo.